Udongo wa Begani

Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu alipika wanga wa muhogo uani, wa kutilia vitambaa vya meza vya kanisani, na harufu yake ikaingia chumbani kwangu kupitia dirishani. Si harufu kubwa. Ni chachu kidogo, ya moto, kama uji uliosahaulika jikoni tangu asubuhi. Nilikuwa nimekaa kitandani naandika maombi ya kazi, nimefika kwenye ile sehemu ya kujisifu ambayo huwa nakwama, na nikaacha sentensi katikati. Mliosoma nami chuoni mnajua sentensi isiyomalizika inavyonikosesha raha. Lakini harufu ile ilikuwa imeshanichukua, imenirudisha kwenye uwanja wa shule yetu, upande wa Onduparaka, mbele ya sufuria ya Madamu Hawa, na nikaona ni heri niandike hili kwanza.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba alikuwa askari, na sisi tulimfuata kila alikopelekwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kwetu kwa sababu kambini watu hawana lugha nyingine ya kugombania maji bombani. Arua, mji wa kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda, niliijua kwa sauti tu: wazazi wangu walipoitaja walipunguza mwendo wa maneno, kama mtu anayeonja kitu. Dadamu, alikozaliwa baba, nilikuwa nimefika mara chache, wakati wa Krismasi, nikacheza na binamu ambao sikuelewa wanasema nini, tukaondoka. Kisha siku moja tukaja kukaa moja kwa moja, mama na mimi, ndani ya lori la kambi, na sanduku katikati yetu.

Sanduku lilikuwa limefunikwa kitambaa na kupigwa misumari. Wazee wa ukoo walitaka lifunguliwe. Mkubwa mmoja wa jeshi aliyetusindikiza alimvuta baba mkubwa pembeni, karibu na zizi la mbuzi, wakaongea kwa muda, na baba mkubwa aliporudi akasema halitafunguliwa. Sikuona ajabu yoyote katika hilo. Mimi nilikuwa naangalia shimo. Wanaume walichimba kwa zamu kando ya nyumba, na udongo ulitoka kwa tabaka: juu mweusi, halafu wa kahawia, halafu mwekundu kama pilipili, na chini kabisa wa njano, njano ya kiini cha yai. Nilikuwa sijui kwamba ardhi ina ndani.

Walipoanza kushusha sanduku, shangazi alinivuta nyuma, nikaona migongo tu. Migongo ilipoachana, shimo halikuwepo. Palikuwa na kitu kirefu kimelala, kimeinuka katikati na kushuka upande mmoja, vilevile baba alivyokuwa akilala Jumapili mchana, shuka amejivuta mpaka kichwani. Shangazi aliniinamia, akanyoosha kidole.

“Baba yako iko pale,” akaniambia.

Yeye alisema vile watu wazima wanavyosema. Mimi niliangalia, nikaona ni kweli. Urefu ulikuwa wake. Mabega yalikuwa upande wa nyumba, miguu upande wa shamba la muhogo.

Msinielewe vibaya. Nilijua baba amekufa. Neno nilikuwa nalo, kambini lilisemwa mara nyingi. Ila nilidhani kufa ndiko huko: mtu anageuka udongo, analala nje, haingii tena ndani ya nyumba, hali, hajibu. Sanduku halikunisumbua hata kidogo. Kila askari niliyemjua alikuwa na sanduku lake la bati, na mahali pake palikuwa chini ya kitanda. Basi na la baba lilikuwa limewekwa chini yake, mahali pa kawaida.

Niliishi naye hivyo. Asubuhi nikienda shule nilimwamkia. Jioni nilikaa miguuni kwake na kumwambia mambo ya darasani, kwa Kiswahili, kwa sababu yeye na mama tu ndio niliokuwa na uhakika kwamba wananisikia. Kuku walipokuja kumchakura niliwafukuza kwa fimbo, na bibi akanisifu kwa majirani kwamba mtoto huyu ana heshima kuliko wakubwa.

Kisha mvua zikaanza. Mnajua mvua za kwetu, haziombi njia. Mchana mmoja nilisimama mlangoni nikaona maji mekundu yakitoka ubavuni mwa baba, yakipita kwenye njia ya mbuzi, yakiteremka mpaka barabarani. Kesho yake alikuwa amepungua. Wiki iliyofuata mabega yalikuwa yamelainika, hayaonekani vizuri. Niliwahi kuona mtu akikonda kambini, mke wa jirani yetu. Alikonda hivyohivyo, pole pole, mabega kwanza, na watu wakawa wanapita mlangoni pake bila kumtazama. Na nyumbani kwetu watu walipita vivyo hivyo, wamebeba maji, wamebeba kuni, hakuna aliyesimama. Nilimwuliza mama kama tunaweza kumfunika baba. Mama aliniangalia, akasema, “Amefunikwa tayari,” akaendelea kuosha sahani. Baada ya kifo kile mama alikuwa hasemi maneno mengi kwa siku.

Hapo ndipo Madamu Hawa alipokuja shuleni.

Alikuwa Mnubi wa Koboko, mwanamke mnene kidogo, mwenye udongo chini ya kucha ambao hata kunawa hakukuutoa. Mama yake alisuka vile vifuniko vya chakula vya ukili wa rangi ambavyo Wanubi hutundika ukutani, na yeye akaanzia hapo, akaishia kwenye kuchora. Hakuna aliyemlipa. Alikuja kwa bodaboda kila wiki, mabeseni yamefungwa nyuma, na yule kijana wa boda akilalamika kwamba amebeba duka zima. Mwalimu mkuu alitukusanya, akatuambia tutatengeneza kazi moja kubwa pamoja naye, ipelekwe Koboko iuzwe, na pesa inunue blanketi za watoto waliovuka mpaka wakikimbia vita na kulala sakafuni.

“Madamu, kwani hao watoto haina mama?” aliuliza Adriko, mvulana aliyekaa nyuma yangu, ambaye hakuwahi kushindwa kuuliza.

“Wengine iko na mama,” alijibu Madamu Hawa. “Wengine mama alibaki njiani.”

Akapiga makofi ili tumtazame tena.

“Sasa sikiliza. Rangi ya dukani mimi haina. Rangi iko chini ya miguu yenu. Kesho kila mutu alete udongo ya kwao. Si ya barabara, si ya shule. Ya kwao.”

“Kwetu iko mavi ya mbuzi tu!” Adriko alipaza sauti.

“Basi lete. Tutachora mbuzi.”

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Hata mimi nilicheka, na kwa kawaida sikucheka pale. Waliniita mtoto wa kambi. Lugha yao nilikuwa naikanyaga kama mtu aliyevaa viatu vya mkubwa, na wakati wa mpira, ambao kule Onduparaka ni jambo zito kuliko hesabu, niliwekwa kuokota mpira ukitoka. Madamu Hawa alikuwa mtu mzima wa kwanza shuleni aliyeongea kama watu wa kambini. Nilimpenda kabla hajamaliza salamu.

Alitutoa nje, akatoa kitambaa cha zamani kilichochorwa nyumba na ng’ombe kwa udongo mweusi na mweupe. Akakitandika kwenye nyasi, akachukua jagi, akakimwagia maji yote. Sote tukashtuka. Maji yalipita juu ya ng’ombe, yakaanguka kwenye nyasi, masafi. Ng’ombe hakuondoka.

“Munaona?” alisema. “Udongo peke yake, mvua inakula. Udongo na wanga ya muhogo, mvua haiwezi.”

Nilisimama. Nakumbuka nilisimama bila kuinua mkono.

“Hata mvua ya kwetu, Madamu?”

“Kwenu ni wapi?”

“Dadamu.”

“Mvua ya Dadamu? Hii imekaa nje Koboko, binti. Mvua ya Koboko ni ile inapiga mutu kofi.”

Siku hiyo nilirudi nyumbani mbio. Palikuwa na kopo la maziwa ya unga alilokuwa akilichezea binamu, nikampa gololi zangu zote ili aniachie. Halafu nikasimama mbele ya baba na kuanza kufikiri, na wanaonijua wanajua kufikiri kwangu. Kichwani haifai, atashtuka. Kifuani haifai. Mikono anaihitaji, hata kama haitumii. Mwishowe nilichagua begani, kwa sababu begani nilikuwa nimekaa mara nyingi tulipokwenda kuangalia gwaride, na palikuwa mahali pangu tayari. Nilijua hataona kwamba nachukua kitu cha mtu mwingine. Nilimwambia, “Baba, naomba kidogo tu.” Nikachimba kwa kijiko. Juu palikuwa pekundu, lakini chini kidogo nilikuta ile njano, nikajaza kopo, nikasawazisha mahali pale kwa kiganja.

Darasani Madamu Hawa alitufundisha kuosha udongo. Unautia majini, unaukoroga, mawe yanashuka, majani yanaelea. Unachuja kwa kitambaa, unaacha utulie, unamwaga maji ya juu polepole kama mtu anayemwaga maji ya mchele. Kinachobaki chini ni laini kama siagi. Alikuwa anapita kwenye makopo akipaka kidogo kwenye ukucha. Alipofika kwangu alisimama.

“Hii umetoa wapi? Hii ni ya chini sana. Jembe haifiki hapa.”

“Nyumbani.”

“Nani alichimba?”

“Baba mkubwa na watu.”

“Kisima?”

Nilifikiri. “Shimo,” nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nisimwage hata tone, njano kama hiyo hajaiona tangu aanze kazi. Wenzangu waliitaka. Msichana mmoja alitaka kuchorea jua, Adriko alitaka kuchorea jezi. Nilikumbatia kopo, nikakataa. Nilitegemea kugombezwa, maana shuleni kunyimana ni kosa, lakini Madamu Hawa aliniangalia kidogo, akasema, “Basi, hiyo ni yake. Jua tutatafuta nyingine.”

Wanga aliupika mwenyewe juu ya mafiga, nje, akikoroga kwa mwiko mrefu, na ile harufu ikajaa uwanja mzima. Kila mmoja wetu alipewa kipande cha marekani, kile kitambaa kigumu cha pamba. Alikuwa amekwisha kuchora kwa mkaa, pembeni mwa kila kipande, mahali barabara inapoingia na mahali inapotokea, ili vipande vikishonwa iwe barabara moja, kutoka Arua mpaka Koboko. Katikati kila mtu aweke kwao. Watu waliweka soko, kanisa, msikiti, mashamba ya tumbaku, pikipiki zilizobeba kuku. Adriko aliweka uwanja wa mpira wenye wachezaji wengi kuliko sheria inavyoruhusu, na mbuzi mmoja golini.

Mimi sikuweka kitu. Nilipaka barabara kwa ile njano, tabaka juu ya tabaka, nikiingoja ikauke na kurudia, mpaka kopo likaisha na nikapitisha kidole ndani kupata kilichobaki.

“Barabara yako haina mutu,” alisema Adriko akichungulia. “Hata mbwa? Ei, mutoto wa kambi, kwenu watu wote walihama?”

Ningemweleza nini? Yote ilikuwa ni mtu.

Baada ya hapo nililala vizuri. Mvua ikinyesha nyumbani, maji mekundu yakiteremka, sikusimama tena mlangoni. Sehemu yake nilikuwa nimeshaiokoa, na ile sehemu ilikuwa begani, na nilifikiri kwamba mtu akiwa na bega hajaisha. Kuhusu kuuzwa nilisikia kama wengine walivyosikia. Lakini kitu pekee cha kutazama nilichokuwa nimeona kikilipiwa kilikuwa sinema, kwenye kibanda cha video mjini Arua. Watu wanalipa, wanaingia, wanatazama, wanatoka. Sinema inabaki kwa mwenyewe. Nilielewa kwamba watu wa Koboko watalipa kumtazama baba, na watoto watapata blanketi, kisha tutamkunja tutarudi naye. Niliona ni kazi nzuri kwa baba. Alipenda safari, na alipenda kutazamwa akiwa amevaa vizuri.

Tulikwenda kwa lori la kukodi, sisi na baadhi ya mama zetu. Mama yangu alikuja. Sijui ni nini kilichomfanya aje, maana alikuwa haendi popote. Alivaa gauni lake la kijani alilolivaa kambini siku za sherehe, na alipolivaa niliona limekuwa kubwa.

Kazi yetu ilitundikwa kwenye kamba kati ya nguzo mbili za hema, uwanjani mbele ya ukumbi. Ilikuwa ndefu sana. Sikuwa nimewahi kuiona imeunganishwa. Barabara ilitoka kwa mtoto ikaingia kwa mtoto, nyeusi, ya kahawia, nyekundu, ikafika kwangu ikawaka njano, ikaendelea. Watu wazima walikuja mpaka kwenye kipande changu wakasimama. Mmoja alisema hapo ndipo jua linapopiga. Nilisimama kando yake kama mtu anayesimama na ndugu yake arusini. Mbele, kwenye mkeka, walikaa baadhi ya wale watoto waliovuka mpaka, wameletwa kuimba. Mmoja wa umri wangu alikuwa amevaa shati la mtu mzima, mikono ameivuta mpaka kwenye vidole.

Mnadi alipandisha sauti, watu wakapandishiana, wakacheka, wakatupiana maneno, na mwishowe akashinda mfanyabiashara mmoja wa Koboko, mzee mcheshi aliyekuwa akimalizia kujenga nyumba ya wageni. Makofi yakapigwa. Nilipiga na mimi. Halafu vijana wawili wakapanda viti, wakafungua kamba, wakaanza kuviringisha kitambaa kuanzia upande wa Arua.

Nilitazama soko likiingia ndani ya mviringo, kanisa likaingia, kuku wakaingia. Nilimwuliza Adriko wanampeleka wapi.

“Si kwa yule mzee? Amenunua. Ni yake sasa.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka lini nini? Ni yake!”

Nilikimbia nikashika kipande changu kwa mikono miwili. Vijana wakavuta, na mimi nikavuta. Wenzangu walianza kunipigia kelele kwamba nitapasua, kwamba nitawaharibia, nani amemleta huyu. Yule mzee alicheka, akasema, “Huyu naye anataka kupanda bei?” na watu wote wakacheka naye. Mwalimu mkuu alikuja kwa hatua zile za mwalimu mkuu. Lakini Madamu Hawa alifika kabla yake, akachuchumaa.

“Nini, binti?”

“Baba.”

“Baba iko wapi?”

“Hapa.”

Aliangalia kitambaa. Akatafuta mtu kwenye ile njano, akasogeza uso karibu. “Ulimchora? Mimi sioni.”

“Sikumchora. Ni yeye.” Nikamwambia yote kwa haraka: mvua, mabega, kijiko, kwamba yeye mwenyewe alisema mvua haiwezi.

Mkono wake ulikuwa juu ya kitambaa. Aliuondoa, si kwa nguvu, kama mtu aliyegusa sufuria akidhani imepoa. Akasema kitu kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, ambacho hakikuwa cha kuniambia mimi. Kisha akamwambia yule mzee angoje, akatoa wembe wake wa kukatia nyuzi.

“Naweza kufungua,” alimwambia mwalimu mkuu. “Nafungua uzi, kipande moja tu. Itabaki nafasi, lakini naweza.”

“Madamu,” mzee akasema, naye hakuwa anacheka tena ila hakujua kwa nini, “hiyo kipande ndiyo ilinifanya nipande bei. Barabara imekatika katikati, mimi napeleka wapi?”

Mwalimu mkuu alisema kitu kuhusu blanketi. Wale watoto wa kwenye mkeka walikuwa wananitazama, na yule wa shati kubwa alikuwa amesimama ili aone vizuri. Mimi nilitazama wembe. Nilitaka ukate. Sijawahi kutaka kitu namna ile tena, hata kazi hizi ninazoziomba.

Mama akapita katikati ya watu. Nadhani alikuwa amesikia yote.

“Usikate,” alimwambia Madamu Hawa.

Akapiga magoti mbele yangu, gauni la kijani kwenye vumbi.

“Nani alikuambia hii ni baba?”

“Shangazi. Alinionyesha.”

“Alikuonyesha wapi?”

“Pale amelala. Nje.”

Mama alifumba macho, akayafumbua. “Ile ni udongo,” akasema. “Udongo tu, walichimba wakarudisha. Baba iko chini. Iko ndani ya sanduku.”

“Sanduku ni ya mizigo yake.”

“Hapana, mwanangu. Ni yeye. Walimuweka ndani, wakafunga, tukafukia. Hata mvua ikibeba ile udongo yote, yeye haiwezi kumgusa. Umesikia? Hii achia. Hii si mutu.”

Niliachia. Wote walishangaa jinsi nilivyoachia upesi. Kama ni udongo, ni udongo. Nilitazama viganja vyangu, na hapakuwa na kitu. Wanga ulikuwa umeshika vizuri, hakuna hata vumbi. Vijana wakaviringisha barabara ya njano, wakaviringisha uwanja wa Adriko na mbuzi wake, wakafika Koboko, wakafunga kamba. Watu wakapiga makofi tena, kwa sababu ya kuisha kwa tatizo. Watoto wa kwenye mkeka wakaimba. Blanketi zilinunuliwa, tuliambiwa baadaye, na ziliwatosha. Sina ugomvi na siku ile. Ila mtu akiniuliza baba alikufa lini, huwa nachelewa kujibu, kwa sababu kuna jibu la watu wote, na kuna lile la mchana ule, Koboko, katikati ya makofi.

Nilimsikia Madamu Hawa akimwambia mama, nyuma ya hema, “Ungemuachia kidogo.”

“Mpaka lini, Madamu? Ile kilima inaisha. Ikiisha kabisa, nitamwambia baba alikwenda wapi?”

Madamu Hawa alikunja wembe wake kwenye kipande cha kitambaa. Naye alikufa nilipokuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni. Sikupata kumwuliza kama aliwahi kupata jibu. Kuna siku nasema alikuwa sahihi yeye, mtoto angeachwa na baba yake wa udongo mpaka akue amwache mwenyewe. Siku nyingine nasema mama. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka, kwa upande huu na upande ule, kama ninavyofikiri kila kitu, na huwa naishia palepale: mama na mimi tumekaa kwenye ngazi ya nyuma ya ukumbi, tukingoja lori lijazwe mafuta, yeye akinivalisha sweta kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kongo.

“Ndani ya sanduku amevaa nini?” nilimwuliza.

“Nguo ya kazi.”

“Na viatu?”

“Na viatu. Imepigwa rangi.”

“Amelala ubavu? Yeye hulala ubavu.”

“Amelala vizuri.”

“Iko giza?”

“Iko giza. Baba yako haogopi giza.”

Nililipanga kichwani. Nguo, viatu, giza. Nilikuwa karibu kuliona. Nilitaka kitu kimoja tu cha mwisho, ili nilione sawasawa.

“Alikuwa anafanana na nini, ulipomwona?”

Mama alikuwa kwenye kifungo cha pili. Vidole vilisimama.

“Walisema tusifungue,” akasema.

“Baba mkubwa alimwona?”

“Hapana.”

“Bibi?”

“Hapana. Hakuna mutu.”

“Sasa unajua aje iko ndani?”

Upande wa pili wa ukumbi walikuwa bado wanaimba. Mama alimaliza kifungo cha pili, akafunga cha tatu na cha nne, akafika shingoni. Halafu akavifungua vyote, akaanza tena kutoka chini.